Upanga Uliobaki Mkobani

Ndugu zangu, leo sikuwaletea mpanzi wala mchungaji wa kondoo. Nimewaletea mzee aliyecheza gemu. Vijana msinichekee, na ninyi wazee wa mabenchi ya mbele msinitazame kama mtu aliyepotea njia. Nisikilizeni kwanza.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kunoa visu. Alikuwa na ile baiskeli yenye jiwe la kunolea, akipita nayo mtaa kwa mtaa, na akina mama walimpenda kwa sababu kisu alichokinoa yeye kilidumu. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Alibaki na binti mmoja tu, muuguzi, na binti huyo alikuwa amepangiwa kazi mkoa wa mbali, aondoke Jumamosi alfajiri.

Baba huyu alimpenda mwanawe kupita kiasi. Lakini kumwambia? Thubutu! Siku ya mahafali binti alitoka na joho lake, akasimama mbele ya baba akingoja neno. Baba akamwangalia juu mpaka chini, akauliza, "Viatu havikubani?" Basi, yakaishia hapo. Na neno alikuwa nalo, jamani, tena tamu. Alilitunza kwa ajili ya siku kubwa zaidi, ya harusi labda, mbele za watu. Binti naye alitamani kitu kimoja tu kabla ya safari: aisikie radhi ya baba yake kwa masikio yake mwenyewe. Siku zikawa zinakwisha.

Jioni walikuwa na mchezo wao. Binti alinunua mashine ya gemu ya kuunganisha kwenye televisheni, wakacheza wawili, kila mmoja na shujaa wake, wakipanda milima na kupigana na mazimwi. Sasa, kwenye gemu lile silaha huvunjika. Kila upanga una mapigo yake. Yakiisha, unapasuka mkononi na wewe unatafuta mwingine. Fundi wetu jambo hili lilimkera vibaya.

"Hivi humu hakuna jiwe la kunolea?"

"Hakuna, baba. Humu silaha unaitumia mpaka iishe."

"Basi aliyetengeneza hili hajui kazi."

Siku moja binti akapata upanga wa buluu, ambao hakuna zimwi lililoweza kuuhimili. Akampa baba yake. Baba akautia kwenye mkoba wa shujaa wake, akaendelea kupigana kwa marungu na mashoka butu. Kuna jioni alipigana na mpini wa ufagio! Akiulizwa, anajibu kwamba ule ni wa siku ya siku.

Ijumaa wakafika kwenye ngome ya mwisho. Sheria ya ngome ile ni kwamba mmoja wenu akianguka, lango linafungwa, mnarudi mkaanze safari upya kutoka mlima wa kwanza. Mazimwi manne yakamzunguka shujaa wa binti. Rungu lake likapasuka, akabaki mikono mitupu.

"Baba, toa upanga!"

"Bado, mwanangu. Mkubwa wao hajatokea."

"Baba, naanguka mimi!"

"Vumilia kidogo."

Akaanguka. Lango likafungwa. Kioo kikaonyesha vilivyobaki mkobani mwa mzee: upanga mmoja, mzima, haujapiga hata pigo moja.

Binti akaiweka pedi ya kuchezea chini taratibu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ulikuwa unautunzia nini, baba?"

Mzee akasema kweli. "Niliogopa usije ukavunjika. Wewe ndiye uliyenipa."

"Nami nimeanguka hapa hapa, kando yako," akasema binti, akainuka kwenda kumalizia kufunga begi.

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mngemwacha apite? Mzee yule aliuona mgongo wa mwanawe ukiuelekea mlango, na hofu ikamshika ambayo hakuna zimwi lililowahi kumtia. Akamfuata, akamshika mkono. Alikuwa amevaa msuli na fulana iliyotoboka. Hakukuwa na mgeni, hakukuwa na kipaza sauti, wala hakujua aanzie wapi.

"Mama," akamwita, kama wafanyavyo wababa kwa binti zao. "Mama, nimeridhika nawe. Tangu siku ile ya joho nimeridhika. Hata kabla. Nenda na radhi zangu zote."

Machozi yakamtoka, na maneno aliyoyapanga kwa miaka yakatoka shaghalabaghala. Binti akamlalia begani, akasema, "Rudia, baba."

Akarudia. Binti akamwomba tena, akarudia tena. Ndipo fundi yule akaona ajabu ambayo jiwe lake halikuwahi kumfundisha: neno lile kila alipolitumia, lilikuwa bado zima.

Haya, sasa tuje kwetu sisi. Sisi tunatunza nini? Mke anapika miaka thelathini, tunamsubiria siku gani kumwambia ahsante? Ndugu amekosea, amejuta, msamaha tunao, tunauficha wa nini? Nimesimama hapa mbele mara nyingi, nimesikia wasifu wa marehemu unaosomwa kwa machozi: alikuwa mwema, alikuwa mchapakazi, tulimpenda sana. Maneno mazuri kweli kweli. Na mwenyewe amelala hapo ndani ya sanduku, hasikii hata moja.

Kwaya, msisimame kwanza. Hapo ulipokaa, kando yako kuna mtu, anapumua, ana masikio. Unajua unachopaswa kumwambia. Mgeukie.

Mimi nitasubiri.