Mzee Lutengano na Kichomi Kisicho na Jina

Kabla hujaisambaza hii kwenye makundi yote, mtumie kwanza yule mzee wa kwenu ambaye kila akiulizwa hali husema, "Mimi mzima."

Huko Rungwe alikuwepo mkulima wa parachichi aitwaye Lutengano. Alifanyiwa upasuaji wa moyo mjini, akarudi nyumbani na kovu refu katikati ya kifua. Madaktari walimwambia moyo sasa uko salama. Walimpa dawa, na mto mdogo wa kukumbatia kila akikohoa ili mfupa wa kidari usitikisike.

Mwanzoni aliendelea vizuri. Kisha kikaanza kichomi. Kilikuja upande wa kushoto, kikali kama sindano, kikaondoka bila kuaga. Kilikuja akila, kikaja akiwa amekaa tu hafanyi lolote.

Akalaumu maharage, akaacha maharage. Kichomi kikaja. Akalaumu godoro, akawa analala kwenye kiti. Kikaja. Siku moja kilimkuta anacheka, basi akapiga marufuku vichekesho nyumbani. Hata shemeji yake, ambaye hana kazi nyingine duniani isipokuwa kuchekesha watu, akakatazwa kupita pale.

Mkewe, Mama Atupele, alimkuta ameinamisha kichwa, ametulia kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Baba Atupele, kifua kinauma?"

"Hakiumi. Nafikiria."

"Unafikiria nini?"

Mzee akashindwa kujizuia. "Nafikiria kwamba wamesahau mkasi humu ndani."

"Basi twende hospitali wautoe."

"Nikienda watanifungua tena. Mimi si kabati."

Hofu ikamkaa. Akaamini siku zake zimekwisha, na hakutaka kufa na kinyongo. Kinyongo alikuwa nacho kimoja tu, lakini kikubwa: jirani yake, Kasyupa. Waligombana kwa sababu ya mpaka wa mashamba, na kwa miaka mingi hawakusalimiana. Hata msibani kila mmoja alimpa mwenzake mgongo.

Asubuhi moja Lutengano akaukumbatia mto wake, akajikongoja hadi kwa Kasyupa. Akamkuta uani. Kasyupa akamtazama, akautazama na mto.

"Umekuja kulala?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nakufa."

"Unakufa na nini?"

"Nilipasuliwa moyo. Sasa kuna kitu kinanichoma hapa."

"Daktari amesemaje?"

"Sijamwambia."

Kasyupa aliingia ndani bila kumkaribisha. Lutengano akabaki amesimama, akijiuliza kama mwenzake amefuata panga.

Kasyupa akatoka amekumbatia mto. Akafungua vifungo vya shati. Kifuani kwake kulikuwa na kovu refu kama la Lutengano.

"Mwaka jana," alisema. "Watu niliwaambia nimekwenda kumwona binti yangu mjini. Sikutaka usikie. Ungefurahi."

Lutengano hakubisha. "Na wewe kinakuchoma?"

"Kinachoma. Nilidhani ni laana zako."

"Na mimi nilidhani ni mkasi."

Wakaanza kucheka, kila mmoja ameubana mto kifuani, huku wakiombana wasichekeshane. Mama Atupele, aliyekuwa amemfuata mumewe kwa mbali, akawakuta hivyo. Yeye hakucheka.

"Wazee wazima," alisema, "mnaficha ugonjwa kama watoto waliovunja chungu. Kesho wote wawili hospitali."

Wakaenda. Daktari, mwanamke mpole wa umri wa binti zao, akawapima moyo na damu, akawapiga picha za kifua. Mwisho akawaita pamoja.

"Mioyo yenu inafanya kazi vizuri. Mkasi haupo. Mzee Kasyupa, maumivu yako ni ya mfupa na misuli. Mzee Lutengano, yako sijapata sababu ya hakika. Huenda ni mishipa ya fahamu iliyoguswa na upasuaji. Nitaendelea kuyafuatilia. Lakini kichomi kikija na jasho, au pumzi ikabana, au maumivu yakashuka mkononi, usikae nyumbani ukifikiria. Njoo saa hiyo hiyo."

"Hamtanifungua?"

"Kwa hiki tulichokiona leo, hapana."

Kichomi hakikuisha. Bado humtembelea mara moja moja. Lakini siku hizi kikija, Lutengano hajifichi kwenye kiti. Hupaza sauti kuelekea ng'ambo ya mpaka.

"Kasyupa, kimekuja."

"Kina jasho?"

"Hakina."

"Pumzi?"

"Ipo."

"Basi kaa nacho kidogo, kitapita. Na matawi ya miparachichi yako bado yameingia shambani kwangu."

Suala la mpaka hawajaelewana mpaka leo. Tofauti ni kwamba sasa wanagombana wakiwa wamekaa benchi moja, na Mama Atupele akiwamiminia chai.

Funzo: Maumivu usiyoyaelewa mpelekee daktari, na hofu yake mgawie mwenzako. Si kila kichomi ni kifo, lakini anayejitibu kwa kunyamaza huugua mara mbili.