Mgeni wa Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, na wabishi mnyamaze, maana mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya kichuguu naona yote, Mzee Tembo alikuwa mkubwa wa kila jambo. Kikao, yeye. Harusi, yeye. Nyani kagombana na mkewe, aitwe yeye! Na nyuma ya nyumba yake, kibandani, alikaa mama yake mzazi, Bi Ndovu.

Jirani yao Pimbi, kadogo kama kiatu, ndiye aliyempelekea uji. Siku moja bibi akasukuma bakuli.

"Nimechoka kula peke yangu, mjukuu wangu. Nitakula mwanangu akikaa hapa."

"Hujala tangu lini?"

"Tangu juzi."

Damu ikamchemka Pimbi. Mbio, tifu tifu tifu, mpaka barazani kwa Tembo.

"Mjomba! Mama yako hali!"

"Nakuja sasa hivi."

"Hiyo sasa hivi yako tunaisikia tangu masika!"

"We kipande cha mnyama, huoni nina wageni? Mgeni hawekwi akingoja. Mama yupo tu!"

Yupo tu! Pimbi akarudi anasaga meno. Mgeni hawekwi, eti? Haya!

Kesho yake akamvika bibi kanga mpya, akamfunika ushungi mpaka machoni, akamzungusha hadi mlango wa mbele.

"Hodi! Hodi wenyewe! Nimeleta mgeni mkubwa, katoka nchi ya mbali! Hasemi mpaka ale, na hali mpaka mwenyeji akae naye!"

Lo! Tembo akaruka, puu! Akatimua kikao kizima. Akatandika mkeka, akapika boga la nazi kwa mikono yake, akamnawisha mgeni, akaketi wale sahani moja. Bibi akala, akala, akafuta sahani.

Tembo akacheka. "Mgeni wangu, unakula kama mama yangu alivyokuwa akila zamani!"

Hapo Pimbi akashindwa kuvumilia. Akaurukia ushungi, akauvuta, pwaa!

"Mtazame basi! Mmekula sahani moja hukumjua! Ungemjuaje, na kumtazama humtazami?"

Tembo mdomo wazi, tonge la mwisho mkononi.

"Boga limezidi chumvi, mwanangu," akasema Bi Ndovu. "Lakini nimeshiba."

Mara, ngo ngo ngo! Nyati yuko mlangoni.

"Mzee! Kikao kimerudi, kinakungoja!"

"Sipo!" akanguruma Tembo, ukuta ukatikisika. Nyati akatoka mkuku.

Basi wanangu, anayekungoja bila kupiga hodi ndiye wa kufunguliwa kwanza.

Yote ni kweli tupu, macho yangu shahidi. Ila hilo "Sipo" nimelitia mimi, nimsitiri mtu mzima. Tembo alikwisha kunyanyuka aende zake. Aliyenguruma "Hayupo!" ni mama yake, huku kamshika sikio anamkalisha chini.