Nyapara Fisi na Mafuta ya Gurudumu

Mwaka ambao mvua ilikataa kunyesha, maji ya visima yalishuka mbali hata kamba fupi zikawa hazina kazi. Simba akafungua kiwanda cha kusokota kamba ndefu za katani, na ujira ukawa maji. Akamfanya Fisi nyapara, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kwa sauti.

Punda alizungusha gurudumu. Sungura alichambua nyuzi, na alipoweza alizichambua akiwa amelala. Fisi alikuwa na kazi mbili: kuwahimiza wenzake, na kutunza chungu cha mafuta ya kulainishia gurudumu. Aliwahimiza kwa matusi. Mafuta aliyalamba.

Gurudumu kavu likalia, kisha likagoma.

"Wafanyakazi wa siku hizi!" Fisi akamlalamikia Simba. "Wavivu wa kuzaliwa, Bwana Mkubwa. Hasa huyu Punda."

"Nyapara, gurudumu linataka mafuta," Punda akasema.

"Linataka kiboko! Na wewe pia!"

Simba aliona kusikiliza wadogo kunamshushia hadhi. "Kamba isipofika majini kesho jioni," akanguruma, "Punda aondoke, na maji yake yakatwe."

Punda akamfikiria mwanawe aliyekuwa akinyonya titi kavu. Machozi yakamlengalenga.

"Dada, usilie," Sungura akamnong'oneza. "Hayo nayo ni maji, yatunze."

Kila aliyeponda mkonge alijua utomvu wake unavyowasha. Fisi hakujua, maana hakuwahi kugusa jani. Usiku huo Sungura akaingia ghalani, akakamulia utomvu ndani ya chungu.

Asubuhi Simba alikuja kukagua. Fisi akachomoka ghalani, ulimi nje, akitafuta namna ya kujikuna koo kwa ndani.

"Nani ametia sumu kwenye chakula changu?"

"Chakula?" Simba akauliza taratibu. "Mle ndani nimeweka mafuta ya gurudumu tu."

Fisi akajifuta mdomo. "Nilikuwa… nikiyaonja, Bwana Mkubwa. Kama yameiva."

Simba akamtimua, kisha akatangaza kwamba tangu mwanzo alijua. Chungu akampa Punda.

Gurudumu halina ulimi. Lilipakwa mafuta yaleyale, likazunguka bila kelele. Punda alikuwa yuleyule, na katani ileile. Kabla ya jua kuchwa kamba ilifika majini, na mtoto wa Punda akanywa mpaka akapiga chafya.

Fisi naye, kila alikoomba kazi, alisimulia jinsi wafanyakazi wabovu walivyomharibia kiwanda.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.