Siwatu na Mmea wa Vimtungi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni basi, anayesinzia atapitwa.

Hapo zamani za kale, kwenye mlima wenye ukungu kutwa, binti aitwaye Siwatu aliishi na mama yake, Mwanasha. Uani kwao paliota mmea wa ajabu. Kwenye ncha za majani yake vilining'inia vimtungi vyekundu vyenye vifuniko. Nzi akifuata utamu wa mdomoni mwa kimtungi, huteleza, hutumbukia kwenye maji yaliyomo ndani, akaliwa.

Siwatu akaolewa na Makame, huko bondeni, mwendo wa siku tatu. Mama akamkatia tawi.

"Ukinikumbuka, litazame."

Bondeni jua lilichoma. Siwatu aliukumbuka ukungu, aliikumbuka baridi ya asubuhi, aliikumbuka sauti ya mama akimwita aje ale. Tawi likashika, likatoa vimtungi vitatu, naye akalidekeza kama mtoto. Akalitilia samadi, kimtungi kimoja kikakauka. Akalimwagia maji ya kisima yenye chumvichumvi. Cha pili kikakauka. Akakijaza nyama cha tatu, kikaoza.

Siwatu akaketi kizingitini, akalia.

Chura mdogo akamrukia miguuni. "Unalia nini, bibi harusi?"

"Mmea wa mama unakufa, nami naulisha kila siku!"

"Ndiyo maana unakufa! Huo umezoea udongo usio na rutuba. Samadi, acha. Kisima, acha. Nyama, acha. Upe maji ya mvua na kivuli chepesi. Nzi utajitafutia wenyewe."

Makame akachambua makumbi ya nazi, wakaupandikiza humo. Siwatu akakinga mvua kwa chungu, akaunyunyizia asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, ncha ya jani ikavimba, ikawa kimtungi, kifuniko kikafunguka. Siwatu akapiga kigelegele, majirani wakaja mbio.

Miaka ikapita. Siku moja habari zikafika: mlima umeporomoka, uani kwa Mwanasha kumefukiwa. Mama mzima, mmea hakuna. Siwatu akakata tawi, akalifunga kwa kitambaa kibichi, akatembea siku tatu.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwanasha akalipokea tawi, akaligeuzageuza. Kisha akauliza, "Hukuutilia samadi?"

"Niliutilia, mama. Nusura niuue."

Mwanasha akacheka hadi machozi. "Hata mimi nusura niuue wa mama yangu, mwaka nilioolewa hapa."

Wakapiga magoti, wakachimba pamoja, ukungu ukiwashukia mabegani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nami nimewaacha hukohuko, mama na mwana, mikono imejaa udongo.