Leseni Moja ya Mtaa wa Tindiga

Sogeeni karibu, na mwenye ubishi akae mbele, maana leo ubishi wenu nitauhitaji.

Mtaa wa Tindiga ulikuwa na majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake. Lusekelo, mwenye baa, alijua kusema mbele ya wakubwa. Kulwa, Msukuma mchoma nyama, alijua utani. Mwanaidi, mjane mwenye ukumbi wa dansi, alijua kuvumilia. Kipaji cha namna hiyo hakipigiwi makofi, lakini nacho ni kipaji.

Sheria ya jiji ilitaka muziki ukome saa nne usiku, na mpenda dansi ndiyo kwanza anatoka kwake saa hiyo. Biashara zote tatu zilikuwa zinakufa, kwa kuwa watu walikunywa kwa Lusekelo na kula kwa Kulwa wakienda au wakitoka kwa Mwanaidi. Wakakubaliana kuipigania sheria mpya.

Lusekelo alikwenda kwa madiwani. Alifukuzwa, akarudi. Akaambiwa asubiri nje, akasubiri. Siku alipopewa nafasi alisema, "Waheshimiwa, mnatoza kodi ya usiku, halafu usiku wenyewe mnauzima." Hata diwani aliyekuwa anasinzia alicheka. Wakakubali kubadili saa, ila kwa masharti: majirani waridhie, na mtaa usipatikane na kosa kwa mwaka mzima.

Jirani asiyeridhia alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo, ambaye malalamiko yake yalikuwa hayaishi ofisini. Hakuna aliyemweza. Mkewe alipofariki, Kulwa alikwenda msibani kama mtani, maana Wasukuma na Wazaramo ni watani, akajilaza mlangoni jeneza lisipite. Waombolezaji wakamtupia sarafu ili apishe njia, kama ilivyo desturi ya utani. Akazikataa.

"Bibi huyu alipenda dansi ujanani," akasema. "Hatoki hapa mpaka umruhusu Mwanaidi apige muziki, ewe mzee mwenye masikio ya sungura."

Mzee Pazi alicheka huku analia. "Haya, nimeruhusu. Mwache mke wangu apite." Na neno alilompa mtani wake hakulirudisha.

Na Mwanaidi? Yeye, mwaka mzima, saa nne ikifika alizima muziki katikati ya wimbo, watu wakamzomea. Wenye kumbi za mitaa mingine waliwapa wakaguzi kitu kidogo wakaendelea, lakini yeye hakuthubutu, maana kosa lake lingekuwa la mtaa mzima. Wanamuziki wa bendi aliyoachiwa na mumewe wakaanza kumkimbia. Mpiga tarumbeta, aliyeanza kazi na marehemu mumewe, alikuja kuaga akiwa amevaa sare ya ulinzi.

"Nisamehe, mama. Watoto wanataka kula."

Mwanaidi alimwambia, "Nenda, baba," kisha akaingia stoo akalia.

Sheria ikapita. Walishangilia siku moja tu, maana siku ya pili yake alikuja ofisa wa jiji na kipengele ambacho hawakuwahi kuambiwa: leseni ya usiku ni moja kwa kila mtaa, haigawanywi wala haina ubia. Asiyekuwa nayo atafunga saa mbili usiku. Wampe jina kesho asubuhi, la sivyo mtaa ukose kabisa.

Mchana huo walikaa bandani kwa Kulwa. Nyama ilipoa mezani.

"Bila mimi mngekuwa bado mnanung'unika vibarazani," alisema Lusekelo.

"Na bila mimi mzee angekuwa bado analalamika," alisema Kulwa. "Nililala njia ya maiti, ndugu yangu. Dada Mwanaidi, nawe sema."

Mwanaidi alitaka kusema kwamba ukumbi ukifungwa, jina la bendi ya mumewe litakufa nao. Lakini bendini walibaki mpiga ngoma na mzee wa besi ambaye mkono wake unatetemeka. Leseni angeipata, muziki angeutoa wapi? Na bila muziki, nani angekuja kwa Lusekelo au kwa Kulwa usiku huo mrefu walioupigania? Alilijua hilo, na wenzake walilijua.

"Nimechoka, jamani," akasema. "Andikeni jina mnalolitaka."

Wale wawili wakatazamana. Hakuna aliyeshika kalamu.

Basi kumekucha, na ofisa yuko njiani. Mmoja alisema mpaka akasikilizwa, mmoja alijilaza mlangoni pa msiba, mmoja aliipoteza bendi ili mtaa uwe safi. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili uliowaacha, ungewatazama usoni ukawaambia nini?