Chiriku Bingwa wa Insha

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Nasema, paukwa!

Pakawa!

Haya. Wakubwa huko nyuma, acheni kunong'ona. Watoto, sogeeni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na shule yao, palikuwa na Chiriku. Chiriku huyo alikuwa bingwa wa insha. Akisoma insha yake, wanyama wote pa! pa! pa! makofi. Hata wasioelewa kitu. Hasa wasioelewa kitu.

Kila insha ya Chiriku ilianza na jua. Aandike juu ya kilimo, jua. Aandike juu ya msiba, jua. Na mwalimu wao, Kanga, sijui alikuwa anafikiria nini yule, anampa alama zote.

Basi siku moja Bi Chiriku, mkewe, ameatamia mayai yao matatu kichakani, kando ya daraja la gogo. Akasikia sss, sss. Kutazama chini, Nyoka! Anapanda, taratibu.

"Mume wangu, ruka ng'ambo, shuleni, ukamwite Nguchiro! Nyoka anataka mayai yetu!"

Nguchiro mnamjua. Nyoka wote wanamwogopa, maana huwang'ata shingo wakafa.

Chiriku pururu, akaruka. Njiani akatua. Eti bingwa kama yeye hawezi kwenda mbele za watu hivihivi. Akachuma jani, akaandika insha. Mnacheka? Aliandika! Mayai yako hatarini, na baba mtu anatafuta maneno matamu. Mie hapa napandwa na hasira.

Akafika uwanja wa shule. Wanyama wapo, na Nguchiro yupo. Chiriku akakohoa, akasoma.

"Jua lilichomoza kwa madaha upande wa mashariki, likatandaza miale yake ya dhahabu..."

Pa! pa! pa! makofi.

"Chiriku, kuna nini?" Nguchiro akauliza.

"Tulia, sijafika huko. Ndipo janga lisilo kifani likaikumba jamii yetu!"

"Janga gani?"

"Janga la kutisha!"

"Wapi?"

"Mahali penye mandhari ya kupendeza, palipo na maji yatiririkayo!"

Nguchiro hakungoja. Mbio, mbio, hadi kwenye maporomoko ya maji. Hakuna kitu. Akarudi anahema.

"Chiriku, maporomokoni hakuna kitu!"

"Nani kasema maporomoko? Nimesema mandhari."

"Haya, nani kafanya nini?"

"Adui wa tangu jadi analinyemelea tumaini letu la kesho!"

Adui wa ndege ni nani? Nguchiro akadhani ni Mwewe. Mbio, mbio, hadi kilimani. Mwewe kalala fofofo. Nguchiro akarudi, ulimi nje, macho mekundu.

"Chiriku, unanichezea! Nani? Wapi? Anafanya nini? Sema, ama naenda zangu!"

Chiriku akalitazama jani lake, atafute jibu. Akasoma kimoyomoyo, toka juu hadi chini. Nyoka hayumo. Mayai hayamo. Daraja halimo. Jua limo.

Jani likamdondoka.

"Nyoka!" akalia. "Yuko kichakani kwangu, kando ya daraja la gogo! Anakula mayai yangu!"

"Si ungesema!" Nguchiro huyoo!

Akafika. Akaruka. Kacha! shingo ya Nyoka. Nyoka akafa palepale.

Lakini tumboni mwa Nyoka palikuwa na vivimbe viwili. Yai lilikuwa limebaki moja tu. Bi Chiriku alikuwa amelilalia, na bawa lake moja limechanika.

"Mume wangu," akasema polepole, "shule si iko hapo ng'ambo tu? Ulikuwa wapi?"

Chiriku akafungua mdomo. Maneno matamu yakamjaa kooni, mengi, ya kupendeza. Akayameza yote.

"Nilikuwa naandika," akasema.

Sasa nisikilizeni, ninyi wa insha, na ninyi wakubwa wa hotuba, msijifiche. Ukiandika, taja ni nani, taja ni wapi, taja ni nini kimetokea, na utaje mapema. Anayekusoma hayumo kichwani mwako. Maneno mazuri yasiyosema kitu yanapoteza watu, na yanapoteza na vya watu.

Hadithi yangu imekomea hapo, na koo limenikauka.