Fuko, Kiboko na Kibuyu cha Majina

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni iingie.
Ina vumbi miguuni.
— Ipeni maji inawe.
Inauliza nani ataisikiliza.
— Sisi sote, hata yule anayesinzia.
Basi mwamsheni, maana naanza.

Zamani, nchi ya wanyama iligawanywa na mlima mmoja mrefu. Kila asubuhi Bi Kanga alipanda juu ya jiwe akatangaza habari: maji yako wapi, majani yako wapi, Chui amelala wapi. Sauti yake iliruka hewani, ikaruka, ikaruka, ikafika mlimani. Pu! Ikaanguka. Wa upande wa huku walisikia. Wa ng'ambo hawakusikia, na kwa kuwa hawakusikia, Chui aliwala kwa zamu kama mtu anayechuma mapera.

Chini ya mteremko, penye udongo laini, aliishi Fuko na mkewe. Fuko alikuwa mdogo, macho yake hayaoni, lakini makucha yake hayachoki. Siku moja akachimbua mchanga uliopigwa na radi, ungali moto, umeyeyuka kama asali. Akauvuta. Ukavutika. Akauvuta tena. Ukawa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Fuko akachimba chini ya mlima, chaka chaka chaka, akautandika uzi ule toka kwenye jiwe la Bi Kanga mpaka ng'ambo.

Kila upande aliweka kimulimuli ndani ya shimo lenye giza, na baragumu la pembe juu ya shimo. Bi Kanga akisema, kimulimuli anametameta kwa mpigo ule ule wa sauti. Nuru inaingia kwenye uzi, sss, inapita chini ya mlima, inatokea ng'ambo. Huko baragumu linaigeuza kuwa sauti tena na kuirusha hewani. Na wa ng'ambo wakijibu, jibu linarudi kwa njia ile ile. Fuko mwenyewe hakuwahi kuiona hiyo nuru. Alijua imefika aliposikia swala wa ng'ambo wakicheka.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi. Ukitumia ujuzi wa mwenzako, sharti umtaje. Ukimtaja, Mzee Kakakuona anatia mbegu moja katika kibuyu cha aliyetajwa. Ko! Kujitaja mwenyewe hakuhesabiki. Ikifika siku ya kupima vibuyu, mwenye kibuyu kizito anachagua kwanza mahali pa kuishi.

Haukupita muda, Kiboko akatoka mtoni, maji yakimchuruzika.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Fuko.

"Marahaba. Uzi huu unapita katika nchi ninayokanyaga mimi. Jina langu litatangulia."

"Na langu?"

"Lako litafuata."

Kesho yake Kiboko akarudi. "Majina mawili ni marefu, Bi Kanga anaishiwa pumzi. Kuanzia leo watasema: kama walivyotufundisha Kiboko na wenzake."

"Wenzake ni nani, bwana mkubwa?"

"Si ni wewe?"

Fuko akaenda kwa Mzee Kakakuona. Mzee akapekua vibuyu vyake, akatikisa kichwa. "Kibuyu cha Kiboko ninacho. Cha Wenzake sina."

Basi kila asubuhi Bi Kanga akawa anapanda jiwe. "Kama walivyotufundisha Kiboko na wenzake, maji yako bondeni." Ko! "Kama walivyotufundisha Kiboko na wenzake, Chui yuko mwambani." Ko! Ng'ambo nao wakashukuru. "Ahsante Kiboko na wenzake." Ko, ko, ko! Kibuyu cha Kiboko kikajaa mpaka shingoni. Kibuyu cha Fuko kilikuwa na mbegu moja, nayo ilitokana na mkewe.

Zilipobaki siku tisa vibuyu vipimwe, Kiboko akapita juu ya mteremko, akaubonyeza udongo kwa mguu. "Hapa pananifaa. Nitapachimba dimbwi la kugaagaa."

Mke wa Fuko alimsikia toka chini. Alikuwa amezaa watoto wanne, hata manyoya hawajaota. "Baba watoto," akasema, "maji yakiingia humu, hawa hawajui kuogelea."

"Hayataingia."

"Utamzuia na nini? Na hizo kucha?"

"Na mdomo wake," akasema Fuko.

Asubuhi akaenda kwenye jiwe, akamwomba Bi Kanga nafasi ndogo, kiasi cha kumeza mate. Akasogeza mdomo kwenye shimo. "Wa ng'ambo, hamjambo? Mimi Fuko ndiye niliyeuvuta uzi huu. Nimemaliza."

"Umejitaja," akasema Mzee Kakakuona. "Haihesabiki."

"Najua, mzee wangu."

Kule ng'ambo swala mmoja akauliza, "Fuko ni nani?" Ko!

Kiboko alisikia akiwa mtoni. Akatoka mbio, gudu gudu gudu, akamsukuma Bi Kanga, akakaza mdomo kwenye shimo mpaka kimulimuli akayumba.

"Si Fuko!" Ko! "Fuko haoni!" Ko! "Fuko hajui hata nuru ina rangi gani!" Ko! "Ni mimi Kiboko!"

Kimya. Mzee Kakakuona alikuwa akijikuna.

Kiboko akarudi majini ameridhika. Jioni Fuko akamfuata taratibu, akasimama ukingoni. "Bwana mkubwa, umesema vizuri sana. Ila ng'ambo wako wachache ambao bado hawajaamini."

"Hawajaamini?"

"Wachache tu. Wazee, hasa."

Kesho yake Kiboko alikuwa jiweni kabla ya Bi Kanga. "Si Fuko! Nani alisema ni Fuko? Fuko ana nini?" Ko, ko, ko! Akanguruma mpaka adhuhuri, jua likimbabua mgongo. Bi Kanga alikaa kando na habari zake mdomoni. Na kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kuutumia uzi, hakuna aliyelazimika kumtaja Kiboko na wenzake.

Watoto wa swala nao wakapata mchezo. Wakaruka kwa mguu mmoja: "Si Fuko, hop! Si Fuko, hop!" Mzee Kakakuona akaagiza kibuyu cha pili.

Mnanisikia?
— Tunakusikia.
Basi sikieni pale mambo yalipotaka kuharibika.

Siku ya sita Kiboko alichoka kulitamka jina lile. Akasema, "Si yule mdogo. Yule mdogo ni mwongo." Kimya. "Yule mdogo hafai." Kimya.

Fuko, chini ya udongo, akasikia kimya kile. Akachomoza pua. "Vizuri, bwana mkubwa. Ng'ambo wanadhani unamsema Panya. Na Panya amefurahi, anapita akijisifu kwamba uzi ni wake."

"Panya?" Kiboko akafura. "Nani kamtaja Panya hapa? Nasema Fuko! Fuko, Fuko, Fuko!"

Ko, ko, ko, ko.

Siku ya kupima ikafika. Mzee Kakakuona akakipachika kibuyu cha Kiboko kwenye mzani. Kizito. Akapachika cha Fuko, kikaegemea chini kidogo. Akaongeza cha pili. Mzani ukaanguka, kacha.

"Nani amemtaja Fuko mara zote hizo?" akauliza Kiboko.

"Wewe."

"Lakini nilikuwa nasema si yeye!"

"Mimi nahesabu majina," akasema Mzee Kakakuona. "Sijaagizwa kuhesabu maana."

"Hii ni hila ya Fuko!"

Ko.

Fuko akachagua mteremko wenye udongo laini, akaenda nyumbani kulala katikati ya watoto wake wanne, wakavu. Bi Kanga akarudi jiweni, na mwaka ule Chui wa ng'ambo alikonda.

Ndiyo maana mpaka leo ukimwona Kiboko mtoni, anafungua kinywa, anakifungua sana, utadhani ana neno kubwa. Ana neno kweli. Anataka kusema si Fuko. Kisha anakumbuka kibuyu, anakifunga kimya kimya, anazama.

Fundisho la hadithi ni hili, watoto: kamwe msimtaje aliyefanya kazi. Mtamtajirisha bure.

Nami nimefika mwisho, nafunga mlango. Kama hadithi imewapendeza, semeni mmeisikia kwangu. Kama haikuwapendeza, semeni imetungwa na Kiboko na wenzake.